Horace Aliposahau

29 Novemba 1962, Alhamisi

Ukungu umeshuka tangu asubuhi na haujanyanyuka. Alasiri Horace amefunga duka mapema, amevaa koti, amekwenda mnarani kupiga kengele. Hapa Ebbersley kengele ya kanisa hupigwa kila siku ya ukungu, kwa sababu zamani sana mwanamke mmoja alipotea mabwawani, akaifuata sauti yake mpaka akafika salama, naye akaliachia kanisa shamba ili ipigwe daima. Shamba lenyewe sasa ni kituo cha mabasi. Lakini Horace anapiga. Mwaka jana mchungaji alimwambia apumzike kidogo, naye akajibu kwamba wachungaji huja na kuondoka, ukungu ni wa hapahapa.

Ndiye mume wangu huyo. Duka lake la misumari, ndoo na makufuli liko chini, sisi tunakaa juu. Wateja huingia wakijua wanachotaka, maana asiyejua hufokewa.

3 Desemba

Nimemwambia Horace jino linanisumbua tena, keshokutwa nitakwenda Nottingham. Amesema kwa jinsi ninavyokwenda kwa daktari wa meno, ningekuwa kibogoyo siku nyingi. Sikujua kama ni utani. Kwa Horace hujui.

5 Desemba

Meno yangu ni mazima. Nottingham anakaa Rosalind, binti yetu wa pekee, na mumewe Declan, na mtoto wao Bridie, ambaye hajawahi kumwona babu yake.

Jina la Rosalind halitajwi nyumbani kwetu tangu mwaka wa hamsini na sita. Alikuja siku ya mvua kutuambia anaolewa na Declan, Mwairishi, Mkatoliki, mchimba mitaro ya nyaya za simu. Horace alisimama mlangoni, hakumruhusu hata kuvuka kizingiti, akamwambia kwamba yeye hana binti. Nilipiga kelele. Nilimvuta mkono. Mwishowe nilimpita nikamfuata Rosalind mpaka stesheni bila kofia. Niliporudi nilimkuta anapanga misumari kwenye visanduku vyake, midogo huku, mikubwa kule. Hakunisemesha mpaka Krismasi.

Leo Bridie ameniuliza babu yake anafananaje. Nimesema ni mrefu.

10 Desemba

Baridi. Soksi mbili mbili.

13 Desemba, Alhamisi

Asubuhi Horace alitoka na ndoo ya majivu kuyamwaga mbele ya duka ili wateja wasiteleze kwenye barafu. Akateleza yeye. Nilisikia ndoo ikianguka nikadhani ameitupa kwa hasira, kwa hiyo sikushuka. Ni Bi Pegg wa duka la sufu la jirani aliyepiga kelele. Nimemkuta Horace amelala ubavu kando ya lile hodhi la mawe ambalo farasi walikuwa wakinywea maji, macho wazi, damu inatoka nyuma ya sikio. Nilimwita. Akanitazama vizuri sana, kwa upole, kama mtu anayemwangalia mtoto wa jirani. Kisha akafumba macho.

Gari la wagonjwa limempeleka hospitali ya wilaya. Nimekaa kwenye benchi la mbao na Bi Pegg mpaka daktari akatoka. Fuvu halikuvunjika, ila ubongo umetikisika. Tusubiri. Nimeuliza tusubiri nini. Amesema, tuone.

Nilipokuwa kwenye lile benchi nilijaribu kumwombea. Nilianza vizuri, halafu nikajikuta nafikiria jinsi nyumba itakavyokuwa kimya, na sikuweza kujua kama hilo lilinitisha au vipi. Nikaacha kuomba, nikamshika Bi Pegg mkono.

16 Desemba

Ameamka. Kitu cha kwanza alichoniambia: "Madge, nywele zako zimekuwa nyeupe lini?"

Daktari amemuuliza mwaka. Amejibu kwa uhakika, hamsini na tano. Amemuuliza waziri mkuu, akataja aliyekwisha ondoka. Daktari anasema miaka hiyo saba huenda ikarudi yote, huenda ikarudi vipande, huenda isirudi. Nimemuuliza na hili jingine nalo. Hakunielewa. Nimemweleza kwamba mume wangu amemshukuru nesi kwa uji. Tena amemuuliza nesi huyo jina lake. Daktari amesema hilo ni jambo jema. Nimesema najua ni jema, ninachouliza limetoka wapi. Amesema pigo la kichwa wakati mwingine hubadili tabia, kwa kawaida huwa mbaya zaidi, basi nishukuru.

22 Desemba

Horace amerudi nyumbani. Ameisifu ngazi. Amesema ngazi yetu ina sauti nzuri unapoikanyaga.

25 Desemba, Krismasi

Bata bukini mdogo, viazi, pudingi niliyoitengeneza mwezi wa kumi kwa ajili ya Horace mwingine kabisa. Horace aliandaa meza mwenyewe, jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuliona. Nilipokuja na sahani za moto nikakuta ameweka sehemu tatu.

Akauliza treni ya Rosalind inafika lini.

Nilikaa. Kwake yeye Rosalind bado anasomea unesi na hurudi kila Krismasi na nguo chafu za kufua. Nilimwambia yuko zamu hospitalini. Alisikitika kweli, akasema basi tumwekee kipande cha pudingi. Akakifunika kwa bakuli. Nimekikuta sasa hivi pale jikoni na sijui nikifanyeje.

27 Desemba

Theluji tangu jana. Hatuoni hodhi.

2 Januari 1963

Theluji bado. Maji yameganda bombani. Horace ameyayeyusha kwa taa ya mafuta huku akiimba. Bi Pegg amebisha hodi kuuliza kama tumepata redio mpya.

7 Januari, Jumatatu ya Plau

Kila mwaka siku hii vijana wa mashamba hukokota plau ya kulimia kupita mitaani wakidai pombe na keki, na nyumba isiyotoa kitu hulimiwa mbele ya mlango. Mbele ya duka letu kuna mfereji wa mwaka wa arobaini na nane ambao Horace hakuruhusu uzibwe, ili awe na ushahidi. Kila mwaka yeye husimama mlangoni na koleo la makaa, nao hupita upande wa pili wakimzomea.

Leo wamepita upande wa pili kama kawaida, naye akawaita. Walisimama. Nadhani walifikiri ni mtego. Akawapa keki yote ya matunda, akaomba akokote plau. Wakamfunga kamba begani, bandeji yake ikiwa bado kichwani, akaikokota juu ya theluji mpaka sokoni, watu wakichungulia madirishani. Pale sokoni alicheza ngoma yao ya kurukaruka. Kijana mmoja aliyewahi kufukuzwa dukani kwa kushika nyundo bila kununua alinijia akaniuliza kwa heshima, "Bibi Tupholme, mzee hajambo?"

Nikasema hajambo. Ndilo tatizo.

11 Januari

Nimekunywa chai na Bi Pegg nyuma ya duka lake. Yeye ni mjane, hana simile, na ndiye mtu pekee hapa anayejua kuhusu meno yangu. Nilimwambia Horace anamuuliza Rosalind kila siku. Akasema basi mwambie Rosalind aje, mlango ambao haukuwahi kufunguka umefunguka wenyewe, unangoja nini?

Nikasema Horace akikumbuka je, mtoto akiwa amekaa pale mezani?

Bi Pegg alihesabu kwanza mishono ya sweta aliyokuwa anafuma. Kisha akasema yeye angekuwa mimi angeombea theluji isiyeyuke. Sijui kwa nini alifikiri vina uhusiano. Lakini tangu hapo na mimi nafikiri hivyo.

15 Januari

Leo nimemwambia. Nimemwambia Rosalind ameolewa, ana mtoto wa miaka mitano anaitwa Bridie, ana mume anaitwa Declan, na kwamba yeye amevisahau kwa sababu ya lile pigo. Horace alilia. Mume wangu. Alitoa kitambaa akajifuta, akasema inauma kupotewa na harusi ya mwanao ukiwa umehudhuria. Akaniuliza, je, alimshika mkono kanisani kumpeleka kwa mumewe?

Nikasema ndiyo.

Akauliza alivaa suti gani. Nikasema ya kijivu. Akauliza kama alitetemeka. Nikasema kidogo.

Sikupanga kusema hivyo. Alikuwa ananitazama na uso ule, na neno likatoka lenyewe, na jingine likalifuata.

16 Januari

Nimempigia Rosalind kutoka kibanda cha simu, miguu ndani ya theluji. Nilimwambia baba yake anamtaka. Nikasikia akifunga mlango upande wake. Kisha akasema, "Mama, huyo hajui anachosamehewa. Nikija, nitakuwa namsamehe nani?"

Nikasema sijui, lakini anakuita kila siku.

Akasema atafikiri. Harusi sikumtajia.

24 Januari

Mashamba ya bondeni yaliyofurika mwezi wa kumi na moja yameganda yote, mji mzima umeshuka kuteleza juu ya barafu. Wazee wametoa viatu vya vyuma vya kutelezea vya baba zao. Daktari amemkataza Horace, kwa hiyo Horace amekwenda. Nilisimama ukingoni na chupa ya supu nikimwona anakwenda mbali, mikono nyuma, mrefu, mwepesi, mpaka akawa alama tu kwenye weupe. Hivyo ndivyo nilivyomwona mara ya kwanza, mwaka wa ishirini na tisa, kwenye barafu hiyohiyo. Leo alirudi kwangu akisimama kwa kisigino, shavu jekundu, akanipa mkono.

Nilimwogopa. Horace yule wa zamani nilijua pa kujificha naye: nakaa kimya, nakubali, naondoka na jino langu. Huyu sina pa kujificha. Nikicheka naye leo, kesho akarudi yule, nitaufanyia nini moyo wangu?

Nilimpa mkono. Tumeteleza mpaka baridi ikatushinda.

2 Februari

Makaa yamechelewa. Tumechoma kreti.

4 Februari

Rosalind amempigia Bi Pegg. Watakuja Jumamosi, wote watatu. Horace ameanza kutengeneza kigari cha theluji cha Bridie. Ameniuliza mara nyingi kama anapenda rangi nyekundu.

Nimeandika sentensi ya kumweleza Rosalind kuhusu harusi, nikaitupa motoni. Nitamwambia stesheni.

9 Februari, Jumamosi

Sikumwambia stesheni. Treni ilichelewa kwa theluji, Bridie alikuwa amelala begani kwa Declan, Rosalind alishuka mweupe kama karatasi, na Horace alikuwa tayari anakimbia jukwaani. Ni mimi niliyesema twende sote. Nilidhani ataona aibu mbele ya watu. Hakuona. Alimkumbatia Rosalind na kofia ikaanguka. Rosalind alisimama mikono chini, kama mtu anayepimwa nguo.

Horace akampa Declan mkono. Akasema, "Kumbe wewe ndiye mwizi uliyeniibia binti." Alikuwa anacheka. Declan ni mpole, mabega mapana, na hakujua aangalie wapi. Akasema ndiye, mzee.

Njiani Horace alimvuta Bridie kwenye kigari. Mtoto aliamka akajikuta anavutwa na babu kwenye mji mweupe, akaona ni jambo la kawaida. Nyuma Rosalind alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Huyu ni nani?" Nikasema sijui mwanangu, nimeishi naye wiki saba.

Tulikaa mezani. Kondoo wa kuokwa, viazi, kabichi. Horace alimkatia Bridie nyama vipande vidogo. Alimuuliza Declan kuhusu mitaro, udongo wa Nottingham ukoje, na akasikiliza majibu. Nilianza kupumua. Niliangalia dirishani, theluji ilikuwa inashuka polepole, nikafikiri pengine mambo yanaweza kuwa rahisi hivi, pengine sisi ndio tuliokuwa tunayafanya magumu.

Kisha Horace akaweka uma chini. Akamwambia Rosalind, "Kitu kimoja tu kinaniuma. Siikumbuki harusi yako. Mama yako ananiambia nilikushika mkono mpaka mbele, na kwamba nilitetemeka. Ningetoa chochote nikumbuke."

Rosalind alinigeukia. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

Nikasema mtoto ale kwanza.

"Baba," Rosalind alisema, "kwenye harusi yangu hukuwepo. Nilitembea peke yangu. Mama alikuja kwa kukudanganya kwamba anang'oa jino."

Horace alitabasamu, kama mtu aliyesikia vibaya. Rosalind akaendelea kwa sauti ileile, bila kuipandisha, na nadhani hiyo ndiyo sauti anayotumia kwa wagonjwa. Alimweleza siku ile ya mvua. Alimweleza neno lile, kwamba hana binti.

"Kwa nini niseme hivyo?" Horace aliuliza.

"Nimejiuliza miaka sita. Nilikuja leo nikitumaini utanijibu."

Bridie akauliza babu amefanya nini. Declan alimnyanyua, akachukua kigari, wakashuka. Tukabaki watatu na sahani.

Horace alinitazama. "Madge, ni kweli?"

"Kweli."

"Na suti ya kijivu?"

"Niliitunga."

Alikaa akiusawazisha uma juu ya kidole. Halafu akasema, taratibu sana, kwamba kumbe amekuwa akifurahia siku ambayo haikuwepo. Aliinuka, akamwomba Rosalind radhi kwa kuondoka mezani, akashuka dukani. Hakuwasha moto kule. Tulimsikia akivuta kiti.

Jikoni nilitaka kumshika Rosalind, akanikwepa. Hakufoka. Aliosha sahani zote, hata zilizokuwa safi. Alisema, "Hasira yangu nilikuja nayo nimeipanga vizuri, miaka yote naipanga. Nikamkuta mzee anayetabasamu. Sasa nimpe nani? Na wewe, mama, umemtengenezea baba mwema, ukampa kumbukumbu zake, bila kuniuliza mimi niliyekuwepo."

Nikasema nilitaka wawe na siku moja nzuri. Akasema, "Wewe ndiye uliyetaka kuwa nayo."

Wameondoka na treni ya jioni. Kigari kimebaki ngazini. Horace aliwasindikiza mpaka mlangoni tu, akampa Declan mkono tena, na safari hii hakusema kitu.

Sijui nani ana haki. Nilipokuwa naandika hapa nimegundua kwamba kila nikimfikiria mmoja, naona mwingine ndiye mwenye haki.

13 Februari

Horace amenitaka nimwambie yote. Nimemwambia. Tangu sasa, amesema, nisimwambie chochote kizuri kisicho kweli. Nimekubali. Baadaye ameniuliza kama supu yangu imeungua, nikasema ndiyo.

19 Februari

Mume wangu anazunguka mjini akiuliza watu yeye alikuwa mtu wa namna gani. Anaingia, anavua kofia, anauliza. Na watu wa Ebbersley, ambao wamemsema kwa miaka thelathini nyuma ya mapazia, ghafla hawana la kusema. Mwoka mikate amemwambia alikuwa mtu wa msimamo. Mchungaji amemwambia alijitoa sana kwa kengele. Mwalimu mkuu amesema hali ya hewa hii ni ya ajabu.

Bi Pegg peke yake ndiye aliyemkaribisha akakaa. Amenisimulia mwenyewe: alimwambia, "Horace, ulikuwa mgumu kama buti lililokaushwa na jua, na ulijisifia ugumu huo. Mume wangu alipokufa ulituma bili ya misumari ya jeneza kabla hatujazika. Lakini misumari yenyewe ilikuwa mizuri." Horace alimshukuru. Aliporudi aliuliza kama ni kweli. Nikamwambia sikuwahi kujua. Hili nalo. Nimelala ubavuni mwa mtu, na jirani anamjua kuliko mimi.

26 Februari

Theluji imekuwa chafu. Watu wanasemana ovyo dukani. Hakuna barua kutoka Nottingham.

6 Machi

Asubuhi nimeamshwa na sauti nisiyoielewa. Ni paa linadondosha maji.

8 Machi

Barabara ni tope tupu. Nilikuwa ngazini nikasikia Horace anamfokea mteja. Mtu alitaka kurudisha kufuli alilolivunja mwenyewe. Ilikuwa ile sauti. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi, na kitu cha ajabu ni kwamba niliitambua kwa namna ya kuburudika, kama unapomsikia ndugu yako kwenye chumba kilichojaa wageni. Kisha nikaogopa kama kawaida.

9 Machi

Amefunga duka adhuhuri, amepanda juu, amekaa na koti mwilini.

"Nimekumbuka," alisema.

Jana wakati anafoka, alisema, ilikuja. Siku ile ya mvua, Rosalind na koti lake la njano, maji yanachuruzika kwenye kidevu, mimi nikimvuta mkono. Yote, hata harufu ya mafuta ya taa. Nikamngoja. Nilikuwa nimesimama kati yake na mlango bila kujua kwa nini.

Akasema kibaya zaidi si kwamba amekumbuka alichosema. Amekumbuka pia alivyojisikia. "Nilijiona niko sawa, Madge. Ni imani tamu sana ile. Na bado ipo. Nikimfikiria mtoto, inaondoka. Nikikaa peke yangu dukani, inarudi."

Niliuliza kama anataka nimpigie Rosalind simu.

Alisema hapana. Kisha akaniuliza afanye nini. Nilikuwa na majibu mengi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwapitishia watu hawa wawili habari, huku nikizilainisha njiani. Nilimwambia sijui, na kwamba safari hii sitakwenda kwa daktari wa meno.

Alinitazama. Akaelewa polepole. "Miaka sita," alisema, "na meno yote yako palepale." Sikujua kama ni utani. Nikacheka hata hivyo.

13 Machi, Jumatano

Amekwenda Nottingham peke yake na treni ya asubuhi. Mvua kubwa. Nimemuuliza atasema nini, akasema hajui, akisoma kwenye karatasi Rosalind atamfungia mlango. Nimekaa dukani nikiuza misumari. Mara mbili nimewapa watu midogo badala ya mikubwa.

Baadaye

Amerudi na treni ya saa mbili usiku, amelowa mpaka kwenye shati. Sikumuuliza. Alisimama jikoni maji yakitiririka sakafuni, akaanza mwenyewe.

Rosalind alifungua mlango, hakusema karibu. Horace alimwambia amekumbuka. Rosalind akauliza, yote? Akasema yote, na kwamba siku ile alijiona yuko sawa. Rosalind akauliza, na sasa? Akamwambia kuna sehemu yake bado inajiona hivyo, amekuja nayo, hakuwa na pa kuiacha. Rosalind akafunga mlango.

Nilimuuliza alifanya nini. Alisema alisimama. Hakuwa anajitesa, alisema, ila hakujua mtu huenda wapi baada ya hapo. Bado alikuwa amesimama pale Declan aliporudi kutoka kazini na koleo begani. Declan alimtazama, akatazama mlango, akasema, "Mzee, ama ingia ama nenda, majirani washatoka kuangalia." Akamwingiza kwa mlango wa nyuma.

 Rosalind alimtupia taulo. Bridie alimwonyesha pengo, jino la mbele limetoka Jumapili. Alikunywa kikombe kimoja, akavaa kofia. Alipofika mlangoni Rosalind akasema asije tena mpaka amwite.

"Atakuita?" niliuliza.

"Sijui." Alifikiri. "Alikuwa na hasira, Madge. Alinitazama mimi mwenyewe akanikasirikia. Mwezi uliopita alikuwa hanitazami."

Nimemtazama na mimi. Nilikuwa nikitafuta yupi amerudi, yule wa misumari au yule wa barafu, nikaona mzee mmoja aliyelowa, pua nyekundu, anayetetemeka. Sura zote mbili zilikuwamo, na sikuweza kusema moja inaishia wapi. Nimechoka kutafuta.

Amepiga chafya. Amesema, kwa ile sauti ya zamani, anataka soksi kavu.

Nimemwambia ziko chumbani.

Amengoja kidogo aone kama nitainuka. Sikuinuka. Amepanda, nami nikabaki mezani nikiandika haya. Namsikia juu akifungua droo moja, anaifunga, anafungua nyingine. Hajui zinakaa wapi. Sasa ananiita, mara ya kwanza kwa ukali, mara ya pili kwa upole.

Nimemwacha atafute.